Nimehamishia kompyuta yangu kwenye boksi la umeme la korona

Boksi nililikuta limelala kifudifudi kwenye yadi moja ya skrepa huku Tanga, njia ya kwenda Muheza, juu yake wamelundika giaboksi ya Fuso na milango ya friji, nikamwambia kijana wa pale nisaidie tuligeuze, na tulipoligeuza tu nikajua leo sirudi nyumbani bila hili boksi. Ni boksi la paneli ya umeme la zamani, chuma kizito kweli sio haya ya bati jepesi ya siku hizi, rangi ya kijivu inayoelekea kijani, mlango mmoja, bawaba mbili, na mlangoni kuna mtu aliandika kwa brashi na rangi nyeupe KORONA NA. 2. Herufi za mkono. Ile K imeinama kidogo, kama aliyeandika alikuwa kasimama kwenye ngazi.

Likapimwa kwenye mizani kama chuma kingine chochote, kilo 14, nikalipa nikalipakia kwenye bajaji.

Sasa kwa mtu ambaye hajakulia kwenye mashamba neno korona linamletea ugonjwa kichwani. Mi nimekulia kambini, kambi ya mkonge, na kwetu korona ndo mashine yenyewe ya kukamulia mkonge na ndo jina la jengo zima, mtoto akiulizwa mzee wako yuko wapi anajibu yuko korona na kila mtu anaelewa. Jina limetoka kwenye mashine za Corona za Krupp wa Ujerumani likabaki hivyo hivyo hata pale mashine ilipokuwa ya kampuni nyingine. Majani yanaingia na mkanda upande mmoja, yanabanwa, ngoma yenye visu butu inayapiga huku maji yanamwagika, nyama yote ya jani inaondoka na kinachotoka upande wa pili ni singa, yaani nyuzi zenyewe, nyeupe zinachuruzika maji. Katika kilo 100 za majani unapata kama kilo 4 tu za singa, zingine zote maji na uchafu, kwa hiyo pata picha kelele na harufu yake. Babu yangu mzaa mama alianzia kulisha majani, baadae akawa msaidizi wa fundi umeme mpaka anastaafu.

Huu mkonge wenyewe haukuwa wa kwetu, aliuleta Mjerumani mmoja Richard Hindorf mwaka 1893, miche 1,000 kutoka Florida na iliyofika hai ni 62 basi, ikapandwa upande wa Pangani, na kutoka hiyo 62 miaka ya 60 mwanzoni nchi ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka tukiwa wa kwanza duniani. Halafu kamba za nailoni zikaingia sokoni bei ikaanguka, mashamba mengi yakafa au yakapungua, na mashine zikaanza kuishia yadi za skrepa. Ndo maana ukizunguka Tanga na jicho lako liko wazi unakutana na vitu ambavyo jamaa wa Ulaya wanaojenga kompyuta za mtindo huu wangevilipia hela ndefu sana.

Maana mtindo upo na una watu wake, kasha la kompyuta lionekane kama mtambo wa kiwanda cha zamani, shaba, brasi, geji, ribiti. Nimezitazama kazi zao miaka mingi na nyingine ni kali mno. Ila kuna kitu kimoja kinaniuma kila nikikiona: gia za saa zimebandikwa kwa gundi ubavuni, hazizungushi kitu, hazijashikana hata meno, zipo tu. Mi nimekaa na mafundi wa viwandani, kiwandani hakuna kitu kilichopo tu. Kila boliti ina sababu na ukiitoa kuna kitu kitaanza kucheza. Kwa hiyo kabla sijagusa grenda nilijiwekea sharti, chuma chochote nitakachoweka kwenye hili boksi lazima kiwe na kazi, kama hakina kazi kinabaki nje hata kiwe kizuri vipi. Na sharti la pili, sikati kitu ambacho bado kinafanya kazi. Nyumbani kuna karabai ya brasi ya babu ina kigeji kidogo cha presha pembeni ya tangi, ingenoga sana juu ya kasha, watu wawili wameshanishauri niikate. Siikati. Bado inawaka.

Haya tuje kwenye kazi.

Boksi lina urefu wa sentimita 50, upana 40, kina 25. Madabodi yangu, ule ubao mkuu wa kompyuta, ni ile ndogo ya mraba, milimita 244 kwa 244, pawasaplai ya kawaida, kadi ya grafiki ya sentimita 24, vinaingia bila kubanana. Usijaribu kutengeneza mwenyewe bati la ndani la kushikia madabodi na lile tundu la nyuma la kutolea milango ya USB na HDMI, tundu hilo ni milimita 158.75 kwa 44.45 na ukikosea milimita moja kile kibati chake hakikai au waya wa USB unaingia upande. Nilichofanya nilichukua kasha bovu la kawaida, nikatoboa ribiti zake kwa drili, nikalitoa bati la ndani zima pamoja na mgongo wake, nikalihamishia ndani ya boksi likiwa kipande kimoja. Ukitafuta kasha la kuchinja epuka haya ya kompyuta za ofisini za mtumba, mengi yana vipimo vyake wenyewe na hata pawasaplai ya kawaida haikai.

Kukata nilikatia kwa fundi wangu wa kuchomelea hapa Ngamiani. Na hapa naomba mnisikilize wote mnaotaka kujaribu. Rangi za zamani za mashine nyingi zilikuwa na madini ya risasi, ukiipiga grenda ikiwa kavu lile vumbi unalivuta, na watoto wanaocheza pale nje wanalivuta. Sisi tuliloweka, tukatumia msasa wa maji sehemu zile tu za kukata, barakoa usoni, tope lote tukalikusanya kwenye ndoo. Na ukikuta ndani ya vyuma vya zamani kuna gasketi au pamba nyeupe yenye nyuzi nyuzi iache kabisa, inaweza kuwa asbesto, nyuzi za madini zinazoharibu mapafu, hiyo haina mjadala wala haina kujaribu. Kutu ya juu juu niliiondoa kwa brashi ya waya, iliyoshikilia nikaiacha, kisha vanishi ya kung'aa kidogo mara mbili kwa sababu upepo wetu wa bahari hauna huruma, chuma kitupu Tanga wiki moja tu kimeshakuwa chekundu. Maandishi ya KORONA sikuyagusa hata kwa kitambaa mpaka vanishi ilipokauka juu yake.

Vumbi la chuma linatembea sana. Tulikata kila kitu hakuna hata skrubu ya kompyuta karibu, nikapitisha sumaku kila kona, nikapuliza na kompresa, siku ya pili nikapitisha tena sumaku na bado ikatoka na ndevu. Kipande kimoja cha hizo ndevu kikitua kati ya miguu miwili ya chipu umekwisha.

Feni sasa. Boksi la umeme limetengenezwa hewa isipite, likiachwa hivyo ni oveni. Nilitoboa matundu mawili mlangoni chini ya maandishi na mawili nyuma juu, feni za milimita 120, skrubu zake zinaachana milimita 105. Mbele nikaweka bati lenye matundu nililolipata yadi ile ile, zuri sana, la mashine fulani ya kuchuja, limechakaa kwa namna ambayo huwezi kuigiza. Nikawasha, nikacheza gemu nusu saa, prosesa digrii 86. Nikaongeza mwendo wa feni, 84 na kelele juu. Sikuelewa, feni nne zote mpya. Nikakaa nikachukua rula. Matundu ya milimita 3, kutoka kati ya tundu hadi kati ya tundu lingine milimita 5. Ukipiga hesabu, sehemu iliyo wazi ni kama asilimia 33 tu, yaani theluthi mbili ya mlango wa hewa ni chuma, feni zilikuwa zinavuta hewa kama mtu anayepumua kupitia shuka. Niliumia kulitoa bati lile. Badala yake nikaweka wavu wa chekeche ya mchanga, ile ya mafundi ujenzi, waya wa milimita 1 na nafasi ya 4, hapo uwazi ni asilimia 64, na nyuma yake soksi ya kike imevutwa kwenye fremu kuzuia vumbi, inatoka inafuliwa. Gemu lile lile, nusu saa ile ile, digrii 72. Na ukweli chekeche imekaa vizuri zaidi, ni kitu cha kazi.

Mkonge wenyewe ndani sikuweka hata uzi. Watu waliniambia funga nyaya na kamba ya katani itapendeza, itapendeza ndio, ila katani inamwaga vumbi lake na inashika moto haraka, haikai karibu na feni wala pawasaplai. Iko nje tu, mshikio wa kubebea juu ya boksi, kamba ya nyuzi tatu nimeisuka mwenyewe, maana vitu vyote pamoja vimefika kilo 23 na bila mshikio huo boksi halibebeki.

Geji ndo ilinichukua muda na ndo sehemu ninayoipenda. Ni geji ya presha, kioo cha sentimita 10, mkanda wa brasi mzunguko mzima, imekufa. Ndani yake kuna kibomba cha brasi kilichopinda kama mundu, presha ikiingia kinataka kujinyoosha na kinavuta mshale, hiki kilikuwa kimetoboka. Nilitaka mshale uonyeshe joto la prosesa. Wengi wanaweka kimota cha servo lakini zile ndogo za bei poa zinazunguka digrii 180 tu na mshale wa geji unatakiwa ufagie 270, ungeishia katikati ya njia. Nikaenda kwa fundi umeme wa magari nikamuuliza kama ana dashibodi mbovu, akanipa ya gari dogo kwa elfu 10, nyuma ya mshale wa spidi kuna kimota kidogo cheusi, X27, hicho kinafagia digrii 315 kwa hatua 945, kila hatua theluthi moja ya digrii, na umeme wake ni mdogo kiasi kwamba unaunganisha miguu yake minne moja kwa moja kwenye Arduino, kile kibodi kidogo cha kuprogramu, bila kitu kingine katikati. Nikakitoa kile kibomba, nikakaza kimota kwenye kipande cha brasi katikati ya geji, mshale wa zamani nikautoboa kidogo ukakaa kwenye kijiti chake. Uso wa geji niliugeuza nyuma nikachora upya kwa mkono, 20 mpaka 100, kuanzia 85 nyekundu. Kwenye kompyuta kuna programu ya Python mistari kama thelathini inasoma joto kila sekunde na kuituma kwa USB.

Ukiwasha, mshale kwanza unarudi mpaka unagonga kizuizi, tk, halafu unapanda taratibu. Ile tk nimeirekodi nikawatumia watu watatu.

Vitufe. Kwenye boksi kulikuwa na stata ya mota, swichi ya kuwashia na kuzimia mota, yenye kitufe cha kijani na chekundu kile cha uyoga, plastiki nene imepauka, kijani kimelika katikati kwa vidole vya watu. Nikaamua kijani kiwe cha kuwashia na chekundu kiwe riseti. Nikaunganisha usiku, kila kitu kimekaa mahali pake, nikabonyeza kijani. Feni zikazunguka, taa ikawaka, kioo cheusi. Nikazima nikawasha, cheusi. Nikatoa ramu nikarudisha, nikajaribu moja moja, nikatoa kadi ya grafiki, nikatoa betri ya madabodi, saa nane usiku nilikuwa nimeshajiaminisha kwamba kile kipande cha chuma nilichokuwa nakiogopa kimeua madabodi, na hela ya madabodi nyingine sina. Nililala vibaya sana.

Asubuhi nikampigia babu, kumjulia hali tu kwa kweli. Shikamoo babu, marahaba mjukuu wangu, vipi hilo boksi lako. Nikamwelezea. Akauliza kitu kimoja, hicho chekundu umekiungaje? Nikamwambia nimekiunga kama cha kijani, waya mbili. Akanyamaza kidogo akasema, mjukuu wangu, kitufe chekundu cha kiwandani hakilali. Cha kijani kimelala mpaka ukiamshe. Chekundu muda wote kimeshika, umeme unapita kwake, ukikibonyeza ndo kinaachia.

Yaani ilikuwa hiyo tu. Kitufe cha riseti cha kompyuta kinatakiwa kiwe wazi na kifunge pale unapobonyeza. Changu kilikuwa kimefunga muda wote, maana yake kompyuta ilikuwa kama mtu kaweka kidole kwenye riseti usiku kucha, itawakaje? Nikafungua kile kitufe, nyuma kina sehemu mbili za kugusisha, moja kwa kawaida imefunga na nyingine kwa kawaida imeachia, nikahamisha waya mbili kwa bisibisi, dakika mbili, ikawaka.

Lakini kilichonikaa ni sababu aliyoniambia babu. Kitufe cha kusimamisha kikiwa cha kuunga pale unapobonyeza, waya wake ukikatika panya kautafuna hutajua mpaka siku unayokihitaji, unabonyeza na mashine inaendelea. Kikiwa kimeshika muda wote, waya ukikatika popote mashine inasimama yenyewe. Pale korona kulikuwa na mwenzao aliyevutwa mkono na majani, shati likaingia na mkono, na aliyebonyeza chekundu ni babu, na ngoma ikasimama. Vidole viwili alipoteza, mkono ukabaki. Sikuwahi kuisikia hiyo hadithi, miaka yote nimeishi na huyu mzee. Ilibidi niunge waya vibaya ndo nisimuliwe.

Jambo la mwisho la kiufundi halafu nimalize, ni la usalama. Kasha la kawaida lina rangi kila mahali, hili langu lina sehemu za chuma kitupu na ribiti, na siku ya kwanza nikiwa pekupeku kwenye sakafu ya saruji niligusa bawaba nikasikia umeme unatambaa kwenye vidole. Pawasaplai ina vijikapasita vinavyopeleka umeme kidogo kwenye mwili wa kasha na kazi ya waya wa ethi ni kuupeleka ardhini, sasa soketi ya chumbani kwangu ilikuwa na tundu la ethi ambalo nyuma yake halijaungwa popote. Ndo nyumba zetu nyingi. Nimemleta fundi umeme kachimbia fito ya ethi na kuiunga, nikakwangua rangi na vanishi pale bati la ndani linapokutana na boksi ili chuma kishikane na chuma, nikapima kwa mita, umeme umeisha. Kabla hujajenga kitu cha chuma kitupu pima ethi yako kwanza, tafadhali.

Jumapili iliyopita babu alikuja. Nilimwekea kiti, akalitazama boksi muda mrefu, akasoma KORONA NA. 2 kwa sauti, akaniambia namba mbili kwao ndo ilikuwa inasumbua mkanda, ingawa sina namna ya kujua kama hili ni la shamba lao. Akabonyeza kijani kwa kidole gumba, sio cha shahada, gumba. Mshale ukagonga ukapanda. Halafu akaweka kiganja chote juu ya boksi akakiacha pale, kichwa kimeinama, macho hayaangalii kitu, nikakumbuka nilivyokuwa namuona mdogo akishika hivyo hivyo mashine ya kusaga ya jirani.

Akasema kuna beringi moja huku nyuma haiko sawa.

Nikamwambia babu feni zote mpya hizo. Akasema sawa. Alipoondoka nikafungua, nikasimamisha feni moja moja kwa kidole, ile ya nyuma kulia juu ukiizungusha inakwaruza, kidogo sana, lazima uweke sikio. Nimeagiza nyingine Dar, inakuja na basi la kesho.